Mwaka wa Kuokota Mawe

Papa Cirhuza alizikwa Jumanne, na mimi nilifika kwake Kadutu, mlimani Bukavu, Jumatano, nikihema kwa kupanda vile vijia vya udongo ambavyo magoti yangu hayavitaki tena. Matanga yalikuwa hayajaisha. Walinikalisha kati ya wamama wa kanisa, wakanipa kikombe cha chai ya maziwa, na kwa muda mrefu nikasikiliza watu wakimsifu mtu niliyemjua na nisiyemjua. Walisema aliimba besi kwenye kwaya, kwamba hakuwahi kugombana na jirani, kwamba alipenda viazi vya kuchoma. Yote hayo bila shaka ni kweli. Hakuna aliyetaja ndege. Mkwe wake, binti mpole aliyekuwa akipitisha sahani, aliinama akaniuliza, "Maman, na Papa mulijuana wapi?" Nikamjibu kwamba tulijuana kazini. Akaitikia kwa heshima, akaendelea na sahani zake, nami nikabaki na jibu langu mdomoni kama mtu aliyemeza chakula bila kutafuna. Ndiyo sababu ninaandika. Sitaeleza nilikozaliwa wala baba yangu alikuwa nani. Nataka mwaka mmoja tu, ule wa ndege ndogo ya injini mbili mkiani, katika miaka ile ya Zaïre tulipoitana sitwayeni, yaani raia, na kila mtu alikuwa ameacha jina lake la ubatizo nyumbani.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nimetoka kujifunza daktilo, kupiga chapa, na vidole vyangu vilijua mashine kuliko kichwa changu kilivyojua dunia. Walinichukua katika uwanja mdogo wa ndege nje ya Bukavu, upande wa barabara ya kwenda Lwiro. Kazi yangu ilikuwa kupima mizigo, kuandika uzito, kujumlisha, na kumpelekea rubani karatasi yenye sahihi yangu. Jengo lilikuwa na vyumba vitatu. Cha kwanza kilikuwa cha abiria, na mabenchi yake yalitoka kanisani, bado yana mahali pa kupigia magoti, hivyo mara nyingi ungemkuta mzee amepiga magoti akisubiri ndege, na usingejua kama anasali au anapumzisha mgongo. Cha pili kilikuwa changu: meza, mashine ya kuandikia, na mizani ya chuma tuliyoazima kwa mnunuzi wa kahawa, ambayo hata baada ya kufutwa mara mia ilinukia kahawa mbichi. Cha tatu kilikuwa cha Papa Cirhuza, fundi wetu mkuu na fundi wetu wa pekee. Kati ya chumba chake na changu palikuwa na ukuta wa mbao zilizokauka zikaachana, kwa hiyo nilifanya kazi mwaka mzima nikisikia jinsi anavyopumua, jinsi anavyokwaruza kijiko ndani ya kikombe, jinsi anavyozungumza na vyuma vyake kwa Mashi, lugha ya kwao, kwa sauti ya chini, kama mtu anayembembeleza ng'ombe akamuliwe.

Kwa kuwa barabara ya kurudi mjini ilikuwa matope matupu, nilipanga chumba kwa Maman Nabintu, mjane aliyekaa mwendo wa dakika kumi kutoka uwanjani, nyumba yake imezungukwa na migomba upande ule ule ambao ndege zilipitia zikiruka. Nikifumba macho sasa naiona meza yake: bugali ya muhogo iliyofunikwa na kitambaa, sambaza wa ziwani waliokaangwa mpaka wakawa wanalia mdomoni, mboga za lenga-lenga zilizopikwa na mafuta ya mawese. Alikuwa akila kidogo na kuongea sana. Binti yake aliolewa Kinshasa, amezaa mapacha, na Maman Nabintu hakuwahi kuwaona. Jirani zake walikuja jioni kukaa ukumbini, nami nikiwa chumbani nilisikia akiwaambia, karibu kila siku na kila siku kama habari mpya, kwamba siku moja ataingia ndani ya ile kitu, apite juu ya nyumba yake mwenyewe, aone paa lake linafanana na nini.

Mpaka mwaka ule tulikuwa na ndege za mapangaboi tu, wazee wavumilivu waliotua popote. Halafu kampuni ikaleta hii ndogo ya kasi, nyeupe, fupi, yenye sauti kama kitambaa kinachochanwa. Ilikuja mara mbili kwa juma. Mjini kwa wakubwa ndege kama hiyo hupokewa na magari: gari la ngazi, gari la umeme, gari la upepo wa kuwashia injini. Sisi tulikuwa na toroli moja na mtambo wa umeme uliokufa zamani, ambamo kuku wa mlinzi alitagia mayai. Lakini ndege ile ilikuwa kama mgeni mwenye akili anayejua anakokwenda. Ilibeba ngazi yake tumboni, na mkiani ilikuwa na kiinjini kidogo cha kuzalisha umeme na upepo wa kuwashia zile kubwa. Papa Cirhuza alikiita "mutoto." Mafuta tuliyapampu kwa mkono kutoka kwenye mapipa, yakipita kwanza katika ngozi laini ya kuchuja maji, na yeye aliisimamia ngozi ile kama padre anavyosimamia kikombe cha misa.

Kitu kimoja ndege ile haikuvumilia: mawe. Njia yetu ya kurukia ilikuwa inamomonyoka kingoni, na jiwe dogo kama punje ya mahindi likinyonywa na injini, basi. Kwa hiyo kila asubuhi ya siku ya ndege, kabla jua halijapanda, tulijipanga mstari kutoka ukingo mmoja hadi mwingine, mimi, Papa Cirhuza, mlinzi, na wamama kama ishirini wa kijijini na vikapu vyao, tukatembea polepole toka mwanzo wa njia hadi mwisho, tukiangalia chini. Sijui nieleze vipi asubuhi zile. Ukungu ulitoka ziwani ukalala juu ya lami, ukafunika miguu yetu, hata tukaonekana kama watu wanaotembea ndani ya maziwa. Mlima Kahuzi ulikuwa unaelea. Wamama waliimba kwa sauti ndogo, mawe yakidondoka vikapuni, na mara nyingine mstari mzima ulisimama kumpisha ng'ombe. Nimefanya kazi nyingi baadaye, zenye viti vizuri na madirisha makubwa, lakini nikiota kazi, naota ile ya kuinama na kuokota.

Rubani alikuwa Kapiteni Ekofo, mtu wa mkoa wa Équateur, mrefu, mwenye Kiswahili alichojifunza Kisangani na kukichanganya na Lingala yake. Wakati ndege ikipakiwa alikuja chumbani kwangu kunywa chai, na ni yeye aliyenifundisha kwamba karatasi yangu haikuwa karatasi tu. Alinieleza kwamba uwanja wetu uko juu sana, hewa yake ni nyepesi, na jua likipanda inakuwa nyepesi zaidi, ndege inakosa kitu cha kukanyaga. Alinichorea mistari: joto hili, uzito huu, joto lile, punguza kilo hizi. Tulitundika kipimajoto kivulini karibu na mlango, nami nikawa naenda kukisoma kila nusu saa. Kupitia ukuta wa mbao niliwasikia wao wawili wakibishana, Papa Cirhuza akisema njia ni fupi kuliko ilivyoandikwa kwa sababu mwisho wake umeoza, na Kapiteni akicheka, halafu akiacha kucheka, halafu akiuliza imeoza mita ngapi.

Kiangazi kilipoanza, mutoto akaugua. Kiinjini kilikataa, na kipuri hakikuja. Kuanzia hapo Kapiteni hakuweza kuzima injini zote mbili akiwa kwetu, maana hatungekuwa na cha kuziwasha. Alitua, akazima ya upande wa mlango, akaiacha ya pili ikiunguruma, na kila kitu kikafanyika haraka ndani ya ule mlio: abiria washuke, wapande, mizigo iingie, na yeye asitoke kwenye kiti chake. Hapakuwa tena na chai. Nilipanda ngazi mbio nikampa karatasi, akaisoma, akainua kidole gumba, nikashuka. Kisha Papa Cirhuza, amesimama mbele ya pua ya ndege na vitambaa viwili vyekundu, alizungusha macho pande zote, akapunga mkono, ndege ikaenda.

Siku ambayo Maman Nabintu alisafiri hatimaye kwenda Kinshasa, alivaa viatu alivyokuwa amevifunga kwenye gazeti tangu Pasaka. Alikaa kwenye benchi la kanisani na kikapu cha maharagwe mapya ya kuwapelekea mapacha, akaniangalia kwa fahari nikipima watu na mizigo, kama mimi ndiye mwenye ndege. Nilikuwa nimeshajumlisha. Joto lilikuwa limefika pale ambapo mstari wa Kapiteni unateremka, na tulikuwa karibu kujaa, zimebaki kilo themanini tu. Ndipo likaingia gari la mkubwa mmoja wa mkoa. Sitamtaja, na wengi waliomwogopa wameshasahau walimwogopea nini. Watu wake walishusha mifuko minane midogo. Kila mmoja ulibebwa na watu wawili, wakipinda mgongo. Kila mtu alijua ni mawe ya madini ya kutoka Mwenga, na hakuna aliyesema. Nilimwambia mkubwa kwamba ndege haitaibeba. Hakukasirika. Alichukua kalamu mezani kwangu, akaniwekea mkononi kwa utaratibu, kama mtu anayemfundisha mtoto kuandika, akaniambia kwamba mtu anayezuia mzigo wa serikali anajulikana jina lake. Niliitazama mizani. Nikaandika: mifuko minane, kilo themanini. Ilikuwa kilo mia nne. Nikatia sahihi, nikapanda ngazi, nikampa Kapiteni karatasi, na nikipita kati ya viti Maman Nabintu akanishika mkono, akaniambia, "Sifa mwanangu, funga mulango muzuri, kuku wasiingie."

Ndege ilienda hadi mwanzo wa njia, ikageuka, ikaunguruma. Nilisimama mlangoni chini ya kipimajoto. Mambo yale yalichukua chini ya dakika moja, na nimeyakumbuka kwa karibu miaka hamsini, hivyo sijui tena kipi nilikiona na kipi nimekiongeza. Lakini najua ilipita mbele yetu ikiwa bado chini, pale ambapo siku zote ilikuwa imeshainua pua. Ikaendelea. Ikafika kwenye sehemu iliyooza, na vumbi likapanda nyuma yake, jekundu, na ndani ya lile vumbi hatukuona kitu. Mlio ukabadilika. Halafu tukaiona juu ya migomba, chini mno, kama kitu kinachosukumwa na mtu aliyechoka, ikipita, ikipita, mpaka ikashuka upande wa ziwani ambako ardhi inateremka, ikapata hewa yake, ikainuka. Wamama waliokuwa wakiuza mandazi walipiga vigelegele. Walidhani rubani anacheza. Mimi nilirudi mezani, nikaketi, nikagundua nimeshika kalamu ile ile.

Kapiteni alirudi siku tatu baadaye. Hakuinua kidole gumba. Alinionyesha kiti cha pembeni yake, nikaketi mbele ya zile saa ndogo za kupimia zinazotetemeka, na akaniuliza polepole, juu ya mlio, niliandika kilo ngapi. Nilimwambia ukweli wote. Nilidhani atapiga kelele, au atanishtaki, na nadhani moyoni nilitaka moja kati ya hayo. Alitazama mbele, kwenye lami.

"Mi nikaaka mbele," akasema. "Sionaka nyuma. Macho yangu ya nyuma ni karatasi yako. Ikiwa kipofu, na mi niko kipofu, na batu bote kule nyuma."

Alinyoosha mkono akasubiri, nikampa karatasi ya siku ile. Aliisoma kwa muda mrefu kuliko siku zote, kisha akaikunja akaiweka kwenye mfuko wa shati lake, mahali pa moyo, na sijui kama alifanya hivyo kwa makusudi.

Majuma mawili yakapita, nikiokota mawe asubuhi bila kuinua macho. Upande wa pili wa mbao Papa Cirhuza hakuzungumza tena na vyuma vyake, nikachukulia kwamba amenidharau. Halafu gari likaja tena, mifuko kumi safari hii. Joto lilikuwa lile lile, ndege imejaa, injini moja inalia nje. Mkubwa hakuja mwenyewe. Alimtuma mtu wa miwani myeusi, ambaye hakuingia hata chumbani, alipita moja kwa moja na watu wake hadi kwenye mlango wa mizigo, wakaingiza yote. Kisha akaja kwangu kutaka sahihi. Nilikwenda nje na karatasi mkononi, nikapanda ngazi, nikasimama mlangoni mwa ndege, mgongo kwa abiria, na nikamwambia kwamba sitaandika. Sauti yangu ilikuwa ndogo na injini ilikuwa kubwa. Sidhani alisikia, lakini aliona kichwa changu kikisema hapana. Akaweka mguu kwenye ngazi. Sikuwa jasiri. Nilishika ukingo wa mlango kwa mkono usio na karatasi.

Ndipo Papa Cirhuza alipovikunja vitambaa vyake vyekundu, akavipanga vizuri chini, akaweka jiwe juu visipeperuke. Alitembea hadi kwenye mlango wa mizigo, akaingia nusu ya mwili, na akaanza kushusha mifuko. Peke yake. Alikuwa mtu wa miaka karibu arobaini, si mnene, na ile mifuko ilihitaji watu wawili. Aliukumbatia mmoja, akaushusha lamini, akarudi. Mtu wa miwani alimfuata akimwambia maneno, akimshika bega. Yeye aliendelea, bila kujibu, bila hata kumtazama, kama alivyokuwa akifanya kazi zake zote. Mlinzi alimtazama kidogo, kisha akaweka rungu lake chini akaenda kushika upande wa pili wa mfuko. Wamama wa mandazi wakaja. Wakati kumi ilipokwisha kushuka, nilimpa Kapiteni karatasi ya kweli. Papa Cirhuza akarudi mbele ya pua ya ndege, akaokota vitambaa vyake, akazungusha macho pande zote, akapunga mkono. Pua iliinuka pale pale ilipozoea kuinuka.

Watu wa mkubwa walimchukua mchana ule ule. Alikaa kizuizini siku tisa, na alipotoka akakuta barua kwamba hana kazi, wala hatapata nyingine kwenye uwanja wowote wa Zaïre. Katika ripoti yao, aliyekataa mzigo alikuwa yeye. Jina langu halikuwemo, kwa sababu alipoulizwa aliwaambia kwamba yule binti anaandika tu anachoambiwa. Mimi nilibaki na meza yangu, mizani yangu na ukuta wa mbao ambao nyuma yake hapakuwa tena na mtu. Baada ya tukio lile mifuko haikuja tena kwetu. Nadhani walipata njia nyingine. Kipuri cha mutoto nacho kikafika, kana kwamba hakuna kilichotokea, na Kapiteni akaanza tena kunywa chai.

Maman Nabintu alirudi mvua zilipoanza, amenenepa, na picha ya mapacha kwenye fremu. Jirani wote walikuja. Nilikuwa chumbani na mlango wazi, nikamsikia akiwasimulia safari, na kila aliposimulia alianza pale pale. Alisema rubani yule ni mtu wa adabu sana. Alisema ndege zingine zinaruka kwa kiburi, lakini yeye, kwa kuwa alijua ndani kuna mama ambaye hajawahi kupanda, aliipitisha chini, polepole, ili apate kuaga nyumba yake. Aliona migomba yake mmoja mmoja. Aliona ndoo aliyoisahau uani. Alimwona kuku wake mweusi akikimbia, na akawapungia mkono majirani dirishani, na je, hawakumwona? Wengine wakasema walimwona.

Siku iliyofuata nilipanda Kadutu kumtafuta Papa Cirhuza. Nilimkuta kwenye kibanda cha mashine ya kusaga muhogo, karibu na soko, mweupe wa unga hadi kwenye kope, wamama wamepanga mabeseni yao mlangoni. Aliizima mashine akanifutia kigoda. Nilikuwa nimeyaandaa maneno yangu njia nzima, lakini yalitoka vibaya. Nilimwambia kwamba amebeba kosa langu, kwamba mimi ndiye nilipaswa kuwa pale alipo, na kwamba yeye hakujua lile la kwanza nililolifanya.

"Nilijua," akasema. "Siku ile niliona miguu ya ndege. Ilijikunja. Fundi anaona. Nikasema, labda iko sawa. Nikasema, nitasema nini na ule mukubwa. Wewe uliandika, Sifa. Mimi njo nilipunga mukono."

Aliyasema hayo akiwa ametazama viganja vyake. Kisha akauliza kama yule mama mwenye migomba alirudi salama. Nikamwambia alirudi, na nikamsimulia, kama alivyosimulia mwenyewe, habari ya rubani mwenye adabu, na ndoo, na kuku mweusi, na jinsi alivyowapungia watu dirishani. Papa Cirhuza alianza kutikisika. Nilidhani analia, na kweli machozi yalikuwa yanachora njia kwenye unga usoni mwake, lakini alikuwa anacheka, bila sauti, ameshika kifua, mpaka ikabidi akalie gunia. Na mimi nikaanza. Wamama wa mabeseni walituangalia, wakaanza kutabasamu wasijue wanatabasamia nini.

Alipopata pumzi alijifuta macho, akasimama, akaweka mkono kwenye mashine.

"Usimwambie," akasema.

Sikumwambia. Maman Nabintu aliishi miaka mingine kumi na minane, akaisimulia safari ile mpaka mwisho, na kila alipofika kwenye migomba alinigeukia mimi, niliyekuwa kazini siku ile, ili nithibitishe. Nami nikasema ndiyo, Maman, alipita chini kabisa, tulikuona.